Kuchagua valvu ya kupumulia turbo: mwongozo kamili, kuanzia sensa hadi springi

Valvu ya kupumulia turbo, ile ambayo vijana wa magari huiita BOV na mafundi wa zamani huiita dampu valvu, haiongezi nguvu ya injini. Muuzaji anayekuambia utapata hospawa ishirini kwa kuifunga, mwache aendelee na biashara yake. Kazi ya valvu hii ni kuilinda turbo na kuifanya irudi kazini haraka baada ya kubadilisha gia. Ule mlio wa "pshhh" unaowageuza watu shingo barabarani ni hewa tu inayotoka.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na gari lako lilivyo, kisha valvu, na mlio nimeuweka mwisho kabisa. Mfano nitakaourudia mara kwa mara ni Subaru zenye injini ya EJ20 turbo, yaani Impreza WRX na Forester, kwa kuwa ndizo zimejaa kwetu na ndizo zinazofungwa valvu za ajabu kuliko gari lolote. Nitagusa pia Toyota zenye 1JZ-GTE na Golf GTI pale zinapotofautiana.

Kwanza elewa inachofanya

Ukikanyaga mafuta, feni ya turbo inasukuma hewa kupitia intakula (kipoza hewa) hadi kwenye kilango cha throtoli, na kutoka hapo inaingia kwenye manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Ukiachia mafuta ghafla ili ubadilishe gia, kilango kinafunga. Turbo haijui hilo, bado inazunguka kwa kasi na kusukuma. Hewa inakosa pa kwenda, presha inapanda ndani ya paipu, halafu inarudi nyuma na kupiga feni kinyume. Ndiyo ile sauti ya "tu-tu-tu-tu" unayoisikia kwenye baadhi ya magari. Feni inapunguziwa mwendo kwa nguvu, na ukikanyaga mafuta tena inabidi ijikusanye upya.

Valvu inakaa kwenye paipu hiyo kabla ya kilango. Ndani yake kuna springi inayoifunga, na juu yake kuna mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi. Wakati wa busti, yaani turbo ikiwa inasukuma hewa kwa presha, presha ya manifoldi inaingia kwa mpira huo na kuisaidia springi kuifunga valvu. Ukiachia mafuta, manifoldi inageuka kuwa vakyumu (inanyonya badala ya kusukuma), vakyumu inavuta juu, presha ya paipu inasukuma kutoka chini, valvu inafunguka na hewa inapata njia.

Njia hiyo ndiyo inayozua maswali yote. Gari likitoka kiwandani, mara nyingi hewa hiyo hurudishwa kwenye paipu la kuingilia turbo, na sauti yake huisikii. Valvu za dukani, zile zenye rangi na jina kubwa, nyingi huitema hewa nje.

Hatua ya kwanza: hakikisha gari lako linaihitaji

Kama gari lako ni la dizeli, sahau habari hii. Hilux, Prado ya D-4D, Isuzu, Land Cruiser ya dizeli: injini hizi mwendo wake unatawaliwa kwa mafuta, hewa haizibwi unapoachia mafuta, kwa hiyo turbo haikutani na mlango uliofungwa. Dizeli za kisasa unaweza kukuta zina kilango, lakini kipo kwa ajili ya kusimamia moshi na kuzima injini kistaarabu. Kuna vifaa vinavyouzwa vya kuipa dizeli mlio, vinafunguliwa kwa umeme ukiachia eksileta. Vinachofanya ni kutupa busti uliyoilipia, na kwenye gari lenye sensa nyingi vinaweza kuwasha taa ya injini na kulifanya gari liwe zito hadi ulizime na kuwasha tena. Kuhusu vifaa vya plastiki vya kufungwa kwenye ekzosi ya Vitz ili ipige mluzi, sina la kusema.

Kama ni petroli yenye turbo, basi kwa kawaida tayari ina valvu ya kiwandani. Swali ni kama hiyo iliyopo imechoka. Kwa gari lililoachwa kama lilivyotoka kiwandani, valvu nzima ya kiwandani inatosha, na hapo wengi mngeweza kuishia kusoma. Sababu za kweli za kubadilisha ni tatu: iliyopo imepasuka au inavujisha, umeongeza busti kuliko ya kiwandani na springi yake haishikilii tena, au umebadilisha mpangilio wa turbo na intakula kiasi kwamba ya zamani haina pa kukaa.

Hatua ya pili: ipime ya zamani kabla ya kununua mpya

Hapa pesa nyingi huokolewa. Dalili za valvu mbovu ni gari kukosa nguvu huku ukisikia upepo ukivuja chini ya boneti wakati umekanyaga, busti kupanda taratibu, au ile "tu-tu-tu" kuanza kwenye gari ambalo hapo awali lilikuwa kimya. Lakini dalili hizo hizo huletwa na mpira uliopasuka, klampu iliyolegea, au intakula iliyotoboka, na vitu hivyo ni vya bei ndogo.

Kwenye Subaru yenye intakula juu ya injini, valvu imeshikwa na boliti mbili tu ubavuni mwa intakula. Subiri injini ipoe kabisa. Chomoa mpira mwembamba, legeza klampu ya mpira mkubwa, toa boliti, valvu iko mkononi. Usilazimishe boliti wakati wa kurudisha: uzi upo kwenye alumini, na alumini haisamehe.

Sasa tafuta bomba la sindano kubwa, la mililita 60, lile la famasi. Lichomeke kwenye nipo ya valvu kwa kipande cha mpira unaobana vizuri. Vuta taratibu. Ukichungulia kwenye mdomo wa valvu utaona kifuniko kikinyanyuka kutoka kwenye kiti chake. Shikilia hapo ukihesabu hadi kumi, kisha achia mshikio wa bomba. Ukirudi wenyewe kwa nguvu, diaframu, yaani ngozi ya mpira iliyo ndani ya valvu, ni nzima. Ukibaki ulipo, hewa imepenya, na diaframu imepasuka. Valvu za pistoni hupitisha hewa kidogo hata zikiwa nzima, kwa hiyo hizo usizihukumu kwa kipimo hiki peke yake. Angalia kama pistoni inateleza bila kukwama na inarudi yenyewe.

Pitisha kidole kwenye kiti na kwenye gasketi. Ukikuta oili nyingi nyeusi, usiishie kwenye valvu. Ukungu kidogo wa oili ndani ya paipu za turbo ni kawaida, dimbwi si kawaida.

Golf GTI ya kizazi cha tano, yenye injini ya 2.0 T FSI, ni hadithi nyingine. Valvu yake ni ya umeme, imefungwa kwenye mwili wa turbo, na haina mpira wa vakyumu. Zile za mwanzo zilitumia diaframu iliyokuwa na tabia ya kuchanika, na kiwanda baadaye kikaleta toleo la pistoni. Ukipoteza busti kwenye gari hilo, hiyo ni sehemu ya kukagua mapema. Dawa yake ni toleo la baadaye la kiwandani, au kifaa kama DV+ cha GFB ya Australia, kinachoweka pistoni ya chuma na kutumia sehemu ya umeme ileile ya zamani. Habari za kuchagua springi kwa vakyumu, zinazofuata huko chini, hazikuhusu.

Hatua ya tatu: injini yako inapimaje hewa?

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Kompyuta ya injini lazima ijue hewa kiasi gani inaingia ili itoe mafuta yanayolingana. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni sensa ya eaflo, MAF, inayokaa kwenye paipu mara baada ya ea-klina, kabla ya turbo. Inahesabu kila hewa inayopita. Ya pili ni sensa ya presha, MAP, inayosoma presha iliyopo ndani ya manifoldi na kukadiria hewa kutokana na hiyo.

Sasa chukua gari lenye eaflo, kisha ulifungie valvu inayotema hewa nje. Hewa imepita kwenye sensa, imehesabiwa, kompyuta imeandaa mafuta yake. Ghafla hewa hiyo inatupwa nje. Mafuta yanabaki bila hewa yake. Kwa muda mfupi, kila unapobadilisha gia, mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi mno. Utaona moshi mweusi ukiruka nyuma, utasikia ekzosi ikipiga mabomu madogo, plagi zitakuwa nyeusi, na gari litaanza tabia ya kuzima unapokaribia taa za barabarani ukiwa umeachia mafuta. Likiendelea hivyo kwa muda mrefu, masega ya ekzosi (katalitiki, ya kusafisha moshi) yanaathirika kwa petroli isiyoungua inayoishia humo. Wengine hufurahia mabomu wakidhani gari limekuwa la mashindano.

Gari lenye MAP halijali. Hewa iliyotemwa kabla ya kilango haikuwahi kuhesabiwa, hivyo hakuna kinachoharibika.

Kwa magari yanayojulikana: 1JZ-GTE, ile ya Chaser, Mark II Blit iR-V na Crown Athlete V, inatumia sensa ya presha. 2JZ-GTE ya soko la Japani pia, wakati ya soko la Marekani ina eaflo. SR20DET ya Nissan ina eaflo. Lancer Evolution zenye 4G63 zina eaflo. Kwa Subaru usitegemee beji wala maneno ya dalali: EJ20 turbo zimetoka kwa mipangilio yote miwili kulingana na mwaka na toleo, na kwetu injini nyingi zimeshabadilishwa, ya mtumba ikaingizwa na nyaya zake.

Fungua boneti uangalie mwenyewe. Fuata paipu kutoka kwenye boksi la ea-klina kwenda kwenye turbo. Ukikuta kipande cha plastiki kimezamishwa kwenye paipu hilo, kina soketi ya nyaya kadhaa, hiyo ni eaflo. Kama paipu ni tupu, tafuta kisensa kidogo chenye nyaya tatu au nne kwenye manifoldi au kwenye ukuta wa injini, kikiwa na mpira mwembamba au kimekaa juu ya manifoldi moja kwa moja. Magari mengi yenye turbo yana vyote viwili. Kama eaflo ipo na imeunganishwa, lihesabu gari lako kuwa la eaflo. Kifaa cha OBD2 cha Bluetooth, kile cha kusoma kompyuta ya gari, pamoja na programu ya simu kitakuonyesha pia: ikisomeka gramu za hewa kwa sekunde zinazopanda ukikanyaga mafuta, jibu umepata. Magari ya zamani ya Japani mengine hayazungumzi na vifaa hivyo, usishangae kikikataa kuunganika.

Uamuzi unaotoka hapa ni mfupi. Una eaflo kabla ya turbo na kompyuta haijaandikwa upya? Nunua valvu ya kurudisha hewa, basi. Una sensa ya presha pekee? Uko huru kuchagua.

Katikati kuna valvu za njia mbili, zinazorudisha sehemu na kutema sehemu. Ni maelewano kwa mtu anayetaka sauti kidogo. Kwenye gari la eaflo zinapunguza tatizo lakini haziliondoi, na sauti yenyewe si ile uliyoiona mtandaoni.

Hatua ya nne: springi, na urefu wa mahali unapoishi

Valvu nyingi nzuri huuzwa na springi za kuchagua, na jedwali la mtengenezaji linakuuliza jambo moja: vakyumu ya injini yako ikiwa sailensa ni kiasi gani? Watu huruka swali hili. Wanafunga springi iliyokuja ndani ya boksi, halafu wanalalamika.

Mantiki yake ni hii. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa, vakyumu inavuta valvu ifunguke. Valvu ya kutema nje ni lazima ibaki imefungwa wakati huo, la sivyo hewa itaingia kupitia humo bila kuchujwa na bila kuhesabiwa. Kwenye barabara ya vumbi, nyuma ya lori, hiyo ni vumbi inayokwenda moja kwa moja kwenye injini. Kwa hiyo unachagua springi yenye nguvu kidogo tu kuliko vakyumu ya sailensa. Ikizidi sana, valvu inachelewa kufunguka na "tu-tu-tu" inarudi.

Majedwali mengi yameandikwa na watu walioko karibu na usawa wa bahari, na sisi wengine tunaishi juu. Dar es Salaam, presha ya hewa ni kama kPa 101. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, ni kama kPa 82 au 83, na Nairobi haiko mbali na hapo. Tuseme injini yako ikiwa sailensa ina presha ya kPa 35 ndani ya manifoldi. Kiasi hicho hakibadiliki sana ukihama mji. Dar vakyumu yako itakuwa 101 kutoa 35, yaani kPa 66, sawa na inchi 19.5 za zebaki kwenye geji. Mbeya itakuwa kama kPa 47, inchi 14 tu. Injini ileile, hakuna kilichoharibika. Fundi asiyejua hili ataanza kukutafutia hitilafu ya vakyumu ambayo haipo.

Sasa fikiria mtu wa Mbeya aliyefuata kipimo chake cha huko na kufunga springi laini. Anateremka Kitonga kuja Dar kwa sikukuu. Akifika kwenye foleni ya Kimara, vakyumu ya sailensa imepanda kuliko springi, valvu inabaki wazi kidogo, na kama ni gari la eaflo injini inatetemeka na mzunguko unapanda na kushuka. Anapeleka gari gereji, wanamwambia ni plagi.

Ukisafiri kati ya pwani na nyanda za juu, chagua springi kwa vakyumu ya sehemu ya chini kabisa unayokwenda mara kwa mara. Ukiwa juu itakuwa ngumu kidogo. Kwa hesabu ya juujuu: springi ya kPa 66 ukiwa Mbeya, ukaachia mafuta ukiwa na busti ndogo ya bar 0.1, nguvu ya kuifungua ni 10 kujumlisha 47, yaani 57, haitoshi, utasikia mguno kidogo. Ukiachia kwenye busti ya bar 0.8 ni 80 kujumlisha 47, inafunguka wazi. Mguno wa busti ndogo hauna madhara ya kukukosesha usingizi; wa busti kubwa ndio wa kuushughulikia.

Valvu ya kurudisha hewa haina wasiwasi huu wote. Hata ikibaki wazi kwenye sailensa, hewa inazunguka ndani ya mfumo uleule uliochujwa na kuhesabiwa. Hiyo ndiyo sababu yangu ya pili ya kuipendelea kwa gari la kila siku, mbali na eaflo.

Vakyumu unaipima kwa geji ya busti iliyounganishwa kwenye manifoldi, injini ikiwa imepata moto, kiyoyozi kimezimwa, taa zimezimwa. Ukitumia simu na OBD2, chukua presha ya hewa ya mahali ulipo, toa presha ya manifoldi. Kila inchi moja ya zebaki ni karibu kPa 3.4, na psi moja ni karibu kPa 6.9, maana kila mtengenezaji ana kipimo chake anachokipenda.

HKS SSQV imejengwa tofauti: inafanya kazi kwa tofauti ya presha, ikiwa na valvu mbili ndani, ndogo inatangulia na kubwa inafuata, na haikuombi kuchagua springi kwa vakyumu. Bahati mbaya ndiyo yenye feki nyingi kuliko zote.

Hatua ya tano: diaframu au pistoni, na ukubwa

Diaframu inaziba vizuri na ni nyepesi kuitikia. Adui yake ni joto, mafuta na miaka. Pistoni ya chuma inavumilia busti kubwa, lakini inataka usafi: vumbi likiingia kati ya pistoni na silinda yake, inakwaruza kisha inakwama, mara nyingi ikiwa wazi. Anayepita barabara ya vumbi kila siku aitoe, aifute na kuipaka grisi aliyoelekeza mtengenezaji mara kwa mara. Usipake grisi nzito ya bearingi, inashika vumbi na kugeuka kuwa gundi.

Ukubwa usikusumbue. Kwa EJ20 au 1JZ iliyo karibu na kiwandani, valvu iliyotengenezwa kwa ajili ya gari hilo inatosha. Valvu za milimita 50 kama Tial Q ni za injini zilizojengwa kwa nguvu kubwa, zenye paipu za kutengenezwa, na zinahitaji kuchomelewa flenji.

Hatua ya sita: dukani

Iwe Gerezani Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi, utaambiwa "hii orijino kabisa, kaka, ya Japani." Iombe uishike. Bonyeza pistoni kwa kidole gumba: inateleza sawasawa au inakwaruza na kusimama njiani? Angalia flenji kwa kuiweka juu ya kioo cha kaunta, isichezecheze. Angalia kama oringi zipo kweli kwenye mifereji yake. Uliza springi nyingine ziko wapi, na kama boksi halina hata karatasi ya maelekezo ya springi, umeshajibiwa. Feki nyingi zina springi moja ya kubahatisha, alumini laini, na kiti kisichoziba, na huanza kuvujisha busti kabla hata vumbi haijaifikia.

Kwa bajeti ndogo, valvu ya kiwandani ya mtumba iliyo nzima ni bora kuliko feki mpya yenye rangi ya zambarau. Nenda na bomba lako la sindano. Muuzaji atacheka, lakini akikuona unapima atakutolea nyingine kutoka chini ya meza. Ukiwa na fedha ya kutosha, Turbosmart, Forge, GFB, Tial na HKS halisi wana rekodi nzuri, na wengi wao huuza springi na oringi peke yake, jambo ambalo litakufaa zaidi kuliko jina.

Hatua ya saba: kufunga

Safisha uso wa intakula bila kukwangua alumini, weka gasketi mpya, kaza boliti kwa zamu. Mpira mwembamba utoke kwenye manifoldi, baada ya kilango, na uwe wa valvu peke yake. Usiuunganishe kwa kiunganishi cha T pamoja na regyuleta ya mafuta, geji na vitu vingine. Kila tawi linachelewesha ishara, na kinachovuja kimoja kinaharibu vyote. Mpira uwe mfupi, wa silikoni yenye ukuta mnene, usiojikunja wala kugusa turbo. Mpira laini hujibana wenyewe kwenye vakyumu kali, valvu isifunguke, na wewe ukalaumu springi.

Kama umebadilisha kutoka valvu ya kurudisha kwenda ya kutema nje, kuna tundu limebaki kwenye paipu la kuingilia turbo. Lizibe kwa kizibo kinachobanwa na klampu. Likiachwa wazi, gari linavuta hewa bila kuchuja kupitia hapo. Kitambaa na selotepu, kama nilivyokwisha kuona, si kizibo.

Hatua ya nane: kulijaribu

Kabla ya kuendesha, pima uvujaji. Ziba mdomo wa kuingilia turbo kwa kifuniko chenye nipo, ingiza upepo wa kompresa kupitia regyuleta kwa psi 10 hadi 15, usizidishe, kisha nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu litakuonyesha pa kukaza. Ukisikia hewa ikitoka kwenye mdomo wa valvu yenyewe, fahamu kwamba kwa kipimo hiki presha hufika chini ya valvu na pengine isifike juu yake kama kilango kimefungwa, hivyo fungua kilango kidogo kabla ya kuihukumu.

Washa, liache lipate moto, sikiliza sailensa. Vuta mpira mwembamba uzibe ncha yake kwa kidole: kama sailensa inabadilika na kuwa nzuri, valvu ilikuwa wazi, springi ni laini. Kisha nenda barabara isiyo na watu. Gia ya tatu, panda hadi mizunguko 4,000, achia mafuta mara moja. Unataka mpumuo mmoja safi. "Tu-tu-tu" kwenye busti kubwa ni springi ngumu au ishara ya vakyumu inayochelewa. Gari likikosa nguvu kuliko zamani, valvu inavuja chini ya busti.

Mwisho, rudi mjini, ingia kwenye foleni, simama na uondoke mara nyingi kwa kuachia mafuta ghafla. Likizima hata mara moja na gari lako lina eaflo, irudishe ile ya zamani jioni hiyo hiyo na hii mpya uipigie picha uiuze, ikiwa bado na boksi lake.